Kompyuta mpya inapogoma kuwaka: Yafanywe haya kabla ya kurudisha vipuri Kariakoo

KOMPYUTA ya mezani iliyoungwa kwa vipuri vipya inapobonyezwa kwa mara ya kwanza ikakaa kimya, wazo la kwanza linalomjia mwenye nayo ni kwamba ameuziwa kipuri kibovu. Mara nyingi sivyo. Katika mashine ambayo haijapata kuwaka hata siku moja, chanzo cha tatizo huwa zaidi katika namna vipuri vilivyokutanishwa kuliko katika vipuri vyenyewe: waya uliosahauliwa, kipande cha RAM ambacho hakikuingia hadi mwisho, au prosesa isiyotambuliwa na ubao iliopachikwa.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, kukosea katika kutafuta chanzo hicho si hasara kubwa. Hupanda daladala hadi Kariakoo, akabadilishiwa kipuri na kurejea nyumbani siku hiyohiyo. Kwa mkazi wa Kigoma hali ni tofauti kabisa. Reli ya Kati iliyofika mjini hapo mwaka 1914 ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na mzigo unaokabidhiwa kwa basi nao una safari ndefu. Kipuri kizima kikirudishwa kwa kudhaniwa kibovu, muuzaji hukijaribu, hukiona kinafanya kazi na kukituma tena. Gharama ya usafirishaji imelipwa mara mbili, na tatizo liko palepale. Mwenye duka la steshenari pale Mwanga au Ujiji aliyeitegemea mashine hiyo kwa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, wakati vijana waliomaliza kidato cha sita wanapohitaji kujaza fomu kwa intaneti, anaweza kuumaliza msimu wote akitazama kasha jipya lisilo na faida.

Kigoma si mgeni wa kazi ya kuunga mashine iliyokuja ndani ya masanduku. Meli ya Graf von Götzen, ambayo baadaye ilipewa jina la Liemba, iliundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuungwa upya mjini Kigoma, ambako ilishushwa majini Februari 1915. Wajerumani walipoizamisha Julai 1916 walikuwa wamezipaka injini zake grisi nzito. Ilipoinuliwa kutoka ziwani mwaka 1924 injini hizo zilikutwa bado zinafaa, na Mei 1927 meli ikarejea kazini. Kilichoonekana kufa kilikuwa kizima. Kilichotakiwa ni ukaguzi.

Ukaguzi wa kompyuta nao una mpangilio wake, na kikwazo cha kwanza ni cha lugha. Kiswahili cha kila siku husema kompyuta “imewaka” kama kisemavyo kwa taa na jiko. Taa ikiwaka, hakuna zaidi cha kungoja. Kompyuta ikiwaka, yaani feni zikizunguka na vitaa vikimulika, bado haijaamka. Kati ya kuwaka na kuamka kuna uchunguzi ambao mashine hujifanyia yenyewe, uchunguzi uliokuwamo hata katika PC ya kwanza ya IBM iliyotolewa Agosti 1981. Programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mama, iitwayo BIOS na siku hizi mrithi wake UEFI, huanza na prosesa, ikaja kwenye RAM, ikaendelea na kadi ya picha na kibodi, na mwisho hutafuta diski yenye mfumo endeshi. Ni sawa na treni ya Kigoma isipowasili: swali la maana si kama treni ni mbovu, bali ni kama imevuka Tabora.

Kwa sababu hiyo fundi hujiuliza kwanza mashine imekwama wapi. Ipo iliyo kimya kabisa, ipo inayozungusha feni huku skrini ikiwa nyeusi, na ipo inayotoa picha kisha ikadai haioni diski ya kuanzia. Hayo ni matatizo tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Iliyo kimya kabisa ndiyo inayotisha zaidi, ingawa ndiyo rahisi. Fundi mzoefu huanza na LUKU. Akishajua kuwa uniti hazijaisha, huchomeka taa au chaja ya simu katika soketi ileile ili kuona kama umeme unafika. Kisha hutazama nyuma ya kasha, penye swichi ya pawasaplai, ambayo ni kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipuri. Swichi hiyo ina alama mbili, I na O, na mashine nyingi “zilizokufa” zimefufuka kwa kuisogeza tu.

Hapohapo nyuma, katika pawasaplai za zamani na zile za bei nafuu, huwa pana kitelezi chekundu chenye tarakimu 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Kasha lililotoka Marekani, au lililopita mikononi mwa mtu aliyechezea kitelezi hicho, laweza kuwa limewekwa 115, na likichomekwa hivyo hutoa mlipuko mfupi na harufu ya kuungua. Hilo si la kujaribu kuona, bali ni la kutazama kabla ya kuchomeka. Pawasaplai nyingi za kisasa hazina kitelezi hicho kwa sababu hupokea volti 100 hadi 240 bila kuchagua, na kwa mji wenye historia ya umeme kama ya Kigoma, hizo ndizo zinazofaa kununuliwa hata kama bei yake iko juu kidogo.

Historia hiyo inaeleweka kwa kila mkazi. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulikuwa nje ya gridi ya Taifa ukitegemea majenereta ya dizeli, na ni mwaka 2022 ndipo gridi ilipoanza kuingia mkoani humo. Jenereta likizidiwa na mzigo, volti hushuka. Watu wengi wakizima vyombo kwa pamoja, volti hupanda. Isitoshe, ng’ambo ya maziwa haya, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani, na mwambao wa Tanganyika nao hupata sehemu yake katika msimu wa mvua. Kwa hiyo stabilaiza au UPS si anasa. Hata hivyo, wakati wa kuchunguza mashine isiyowaka, vifaa hivyo viwekwe kando kwanza na kompyuta ichomekwe moja kwa moja ukutani, kwa kuwa UPS yenye betri iliyochoka imewasumbua mafundi wengi waliodhani ugonjwa uko ndani ya kasha.

Jambo lisilopewa uzito katika nyumba nyingi ni waya wa tatu, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ambao mafundi huuita waya wa ethi. Plagi ya Tanzania ina miguu mitatu kwa sababu hiyo. Kompyuta inapochomekwa kwa adapta ya miguu miwili, au katika nyumba ambayo waya huo haukuwahi kufikishwa ardhini, mtu akigusa bati la kasha huhisi vidole vikiwashwa. Wengi hulizoea hilo na kulichukulia kuwa ni tabia ya kompyuta. Si tabia. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita za kuchuja umeme zilizounganishwa na bati. Zikikosa njia ya kwenda ardhini, bati hubaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatosha kuharibu tundu la skrini au la printa wakati waya unapochomekwa mashine ikiwa hai, na bati lenye umeme si la kuachiwa mtoto karibu. Anayetakiwa kuitwa hapo ni fundi umeme wa kuchimbia nondo ya ethi, si fundi wa kompyuta.

Umeme ukishathibitika kufika nyuma ya kasha, uchunguzi huingia ndani. Ubao mama huhitaji nyaya mbili za umeme, si moja. Upo mkubwa wenye pini 24, na upo mdogo wenye pini nne au nane unaochomekwa karibu na prosesa, aghalabu katika kona ya juu ambako mkono haufiki kwa urahisi. Huu mdogo ndio husahauliwa zaidi, na ukisahauliwa feni zaweza kuzunguka kana kwamba hakuna kasoro, ilhali prosesa haijapata chochote.

Kitufe cha mbele ya kasha nacho ni mtego. Nyaya zake nyembamba huenda katika pini ndogo zilizopangwa chini ya ubao, na mpangilio wake hupatikana katika kijitabu cha ubao husika. Anayeshuku kitufe huweza kuzing’oa nyaya hizo na kuzigusisha kwa nukta moja, kwa ncha ya bisibisi, zile pini mbili za kuwashia. Mashine ikiwaka, basi kitufe au nyaya zake ndizo zenye kasoro, na hakuna kipuri cha kurudishwa.

Ikibaki kimya, pawasaplai hujaribiwa peke yake. Baada ya kuchomoa umeme wa ukutani na kuitenga na vipuri vyote, waya wa kijani katika kichwa cha pini 24 huunganishwa na waya mweusi wowote kwa kipande kifupi cha waya, kisha umeme hurudishwa. Penye nyaya nyeusi tupu, pini inayotafutwa ni ya 16. Feni yake ikizunguka ni dalili njema, ingawa zipo zisizozungusha feni zikikosa mzigo, na feni pekee haithibitishi kuwa volti ni sahihi. Multimita husema kweli zaidi: waya wa volti 12 usome kati ya 11.4 na 12.6, na wa volti tano kati ya 4.75 na 5.25. Pawasaplai yenyewe isifunguliwe na asiyejua. Kapasita zake kubwa huweza kushika volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kuna mashine inayowaka kwa sekunde moja kisha ikajizima, ikarudia na kurudia. Hiyo mara nyingi ina shoti. Ubao mama hukaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba vinavyouinua kutoka kwenye bati la kasha, na kinguzo kimoja kikiachwa mahali pasipo na tundu la skrubu, hugusa nyaya zilizo mgongoni mwa ubao. Skrubu iliyoanguka na kusahauliwa hufanya vivyo hivyo. Dawa yake ndiyo pia njia bora kuliko zote ya kuchunguza kompyuta iliyogoma: ubao utolewe nje ya kasha, ulazwe juu ya boksi kavu la karatasi ngumu, na uachiwe prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM na pawasaplai tu. Kadi ya picha iongezwe pale tu ambapo prosesa haina uwezo wa kutoa picha yenyewe. Ule mfuko wa rangi ya fedha uliofunga ubao usitumike kama kitanda, maana uso wake unaweza kupitisha umeme. Mashine ikiwaka juu ya boksi na kugoma ndani ya kasha, mwenye kosa ni kasha. Ikiwaka, kila kipuri kirudishwe kimoja kimoja, umeme ukiwa umezimwa, hadi kile kinachoiangusha kijitaje.

Sasa ije ile yenye feni zinazozunguka na skrini nyeusi. Kinachoanza kutazamwa ni waya wa skrini. Kompyuta yenye kadi ya picha huwa na matundu ya skrini mahali pawili, katika kadi na katika ubao mama, na waya unatakiwa uwe katika kadi. Kinyume chake, asiye na kadi ahakikishe kuwa prosesa yake inaweza kutoa picha. Prosesa za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F hazina uwezo huo, na vivyo hivyo prosesa nyingi za Ryzen zilizotangulia mfululizo wa 7000, isipokuwa zile zenye herufi G. Bei yake nafuu huwavutia wengi, na mashine huonekana mbovu ilhali imekosa kadi tu.

RAM inafuata, na kwa kweli ndiyo mtuhumiwa mkuu. Kipande husukumwa pande zote mbili hadi vibanio vilie. Vidole vya mtu mwoga hukiachia nusu ya njia. Penye nafasi nne na vipande viwili, bao nyingi hutaka nafasi ya pili na ya nne kuhesabia kutoka kwa prosesa. Kipande kilichotumika kinaweza kuwa na uchafu katika meno yake ya dhahabu, na raba ya penseli huyasafisha vizuri kuliko kitambaa chenye mate. Aidha, anayeunga mashine yenye RAM ya DDR5 asiwe na haraka. Inapowashwa kwa mara ya kwanza hujipima kwanza, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa pasipo ubovu wowote. Wapo waliozima na kuwasha mara kumi, kila mara wakiukatiza upimaji huo.

Bao nyingi za siku hizi zina vitaa vinne vidogo vinavyoonyesha ukaguzi umekwamia wapi: prosesa, RAM, kadi ya picha au diski. Zisizo navyo hutoa milio iwapo zimefungiwa kispika kidogo, na idadi ya milio hufasiriwa kwa kijitabu cha ubao, kwa kuwa kila mtengenezaji wa BIOS ana lugha yake. Kipika sauti hicho ni cha bei ndogo mno kukosekana katika mkoba wa fundi.

Lipo tatizo jingine ambalo humponza hata mtu makini, nalo ni prosesa inayoingia katika soketi bila kutambuliwa na ubao. Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha nane zilizotumia soketi ya LGA 1151 kama zile zilizotangulia, lakini hazikufanya kazi katika bao za awali za soketi hiyohiyo. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 ilipokea vizazi kadhaa, ila ubao uliotoka kiwandani kabla ya mfululizo wa Ryzen 5000 kuingia sokoni Novemba 2020 huhitaji BIOS mpya ndipo uitambue prosesa ya mfululizo huo. Ubao uliokaa rafuni dukani kwa miaka huja na BIOS yake ya zamani, na mashine huzungusha feni bila kutoa picha. Baadhi ya bao zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi pasipo prosesa kutambuliwa. Zisizo nacho hudai kuazimwa prosesa ya zamani, jambo ambalo Kariakoo ni la dakika chache na Kigoma ni la kubahatisha. Kwa hiyo mnunuzi wa mbali amtake muuzaji aipachike prosesa katika ubao, asasishe BIOS na atume picha ya skrini iliyowaka kabla mzigo haujapakiwa.

Pale ambapo kila kitu kinaonekana sawa, betri bapa ya CR2032 iliyo katika ubao hutolewa kwa dakika kadhaa huku umeme umechomolewa, ili mipangilio ya BIOS irudi kama ilivyotoka kiwandani.

Kompyuta inayotoa picha na kulalamika kuwa haioni diski ya kuanzia imeshavuka hatari. Diski mpya huwa tupu, na mashine ikisema haina mfumo endeshi inasema kweli. Iliyohamishiwa diski ya kompyuta ya zamani inaweza kugoma kwa sababu diski iliandaliwa kwa BIOS ya kale wakati ubao mpya unatumia UEFI. Kuweka mfumo upya huwa njia fupi, baada ya kunakili mafaili. Anayeweka Windows 11 akumbuke kuwa mfumo huo, uliotoka Oktoba 2021, hudai TPM 2.0, ambayo katika bao nyingi ipo ila imezimwa ndani ya mipangilio. Windows 10 nayo iliacha kupata huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Ikithibitika kuwa kipuri kweli ni kibovu, uthibitisho bora ni kukijaribu katika mashine ya jirani inayofanya kazi, kipuri kimoja kwa wakati mmoja. Pawasaplai inayoshukiwa isijaribiwe hivyo, maana inaweza kuiua mashine nzima; badala yake pawasaplai ya jirani ndiyo iletwe kwa mgonjwa. Kabla ya kufunga mzigo wa kurudi Dar es Salaam, pini za soketi ya prosesa zipigwe picha za karibu na kifuniko chake cha plastiki kirudishwe, kwa kuwa wauzaji hukataa ubao wenye pini zilizopinda na hapatakuwa na njia ya kuthibitisha ziliinamia wapi. Namba ya kipuri iandikwe nyuma ya nakala ya risiti, na risiti halisi ibaki Kigoma.